White Zombie ya 1932: ioneshwe hadharani au ibaki kabatini?

Mleta mada
Wakuu, kuna wanaosema filamu za kale zilizowadhalilisha watu weusi zisioneshwe tena kwenye kumbi. Mimi napinga, na mfano wangu ni White Zombie ya Victor Halperin, filamu ndefu ya kwanza ya Hollywood kuhusu mazombi. Ilitengenezwa chapuchapu kwa fedha kidogo. Bela Lugosi, aliyekuwa ametamba na Dracula mwaka mmoja kabla, anacheza Murder Legendre, mchawi mwenye kinu cha sukari Haiti.

Hadithi yenyewe nyepesi: tajiri wa Kizungu anatamani mchumba wa mtu, anamwendea Legendre, binti anapewa sumu, anazikwa, anatolewa kaburini akiwa hana nafsi. Sasa tazameni dakika chache za kinuni. Wafu wanapanda na vikapu vya miwa vichwani, wengine wanasukuma kinu. Mmoja anapepesuka, anatumbukia kwenye mashine. Hakuna anayegeuka, kinu kinaendelea kulia. Legendre anamwambia mgeni wake kwamba watu wa namna hii wangemfaa mashambani, maana hawahangaishwi na saa nyingi za kazi.

Mwaka huo Haiti ilikuwa mikononi mwa wanajeshi wa Marekani, waliokaa kuanzia 1915 hadi 1934. Walifufua sheria ya 1864 ya kazi ya lazima, wanakijiji wakaswagwa kutengeneza barabara. Charlemagne Péralte akaongoza uasi, wakamuua 1919. Ukiifungia filamu hii kabatini unaficha ushahidi.

Mchangiaji 1
Mkuu, unaipa filamu heshima isiyoistahili. Jina lake tu linatosha: balaa ni zombi *mweupe*. Weusi wanasaga miwa usiku kucha na hakuna anayewalilia, ila Mzungu mmoja akipoteza nafsi dunia nzima inasimama. Mwisho Legendre anaporomoka jabalini, bibi harusi anazinduka mikononi mwa mumewe. Wale wa kinuni je? Hatuambiwi waliishia wapi. Ushahidi gani huo ambao aliyeutoa hakujua anautoa?

Mleta mada
Ushahidi mzuri ndio huo, wa asiyejua anachokisema.

Mchangiaji 2
Naongea kama mtu wa Kanda ya Ziwa. Haiti nyie mnaijadili kwa mbali, huku kwetu misukule si burudani. Mtu akifa ghafla, kabla ya arobaini kuna jirani ameshatajwa kwamba anamlimisha usiku shambani. Vikongwe wamekatwa mapanga Shinyanga na Mwanza kwa sababu ya macho mekundu ya moshi wa kuni. Leo niwakalishe vijana niwaoneshe wafu wakilima kwa bwana wao? Historia ya wanajeshi wa Marekani hawataikumbuka. Watakachokumbuka ni macho ya Lugosi, na kamera inayaleta karibu makusudi!

Mchangiaji 3
Hoja ya hapo juu ni nzito, ila naomba turudi kinuni, kuna jambo mmelipita. Filamu ilichota kwenye kitabu cha Mmarekani William Seabrook, The Magic Island, cha 1929. Seabrook anasimulia mazombi waliopelekwa kukata miwa msimu wa 1918. Kwa nani? Kwa HASCO, kampuni ya sukari ya Wamarekani wenyewe! Hollywood ilipofika hapo ikaifuta kampuni, kinu akapewa mchawi mwenye jina la Kifaransa. Mnyonyaji akageuka jini, na mtazamaji wa New York akalala usingizi wake bila wasiwasi.

Halafu angalieni kazi ya Neil, yule bwana harusi tunayetakiwa kumhurumia: ni mfanyakazi wa benki Port-au-Prince. Desemba 1914 wanajeshi wa Marekani walibeba dhahabu ya dola 500,000 kutoka benki ya taifa ya Haiti, wakaipeleka New York. Sisemi aliyeandika filamu alikuwa na hilo kichwani. Ila ukishalijua, huyu kijana mpole unamwangalia kwa jicho jingine.

Mchangiaji 1
Sasa huyu ameniunga mkono mimi au mleta mada? Kama kampuni ilifutwa, basi filamu ni ya uongo, na uongo hauhitaji ukumbi.

Mchangiaji 3
Sijamuunga mkono yeyote. Haina hakimiliki Marekani, mtu anaipata bure kwenye simu, kwa hiyo hilo kabati halina hata mlango. Nasema ioneshwe, lakini kabla ya taa kuzimwa usomwe ukurasa wa HASCO.

Mchangiaji 2
Someni. Na vikongwe nao watajwe kwenye utangulizi huohuo, siyo Haiti peke yake. Wa chini ya miaka 18 bado nasema wabaki nje.