Plagi ya bluu, ndani USB 2.0: wauzaji wa waya mnatuona mazuzu?

Wakuu, leo salamu fupi, nimekereka. Nina Raspberry Pi 4 (kompyuta ndogo ya bodi moja) yenye diski ya SSD kwenye kasha la USB, kasha limeandikwa 3.0 kwa herufi kubwa na waya wake, wenye plagi ya bluu ambayo ni rangi ya USB 3.0, umo humohumo boksini. Kunakili faili: megabaiti 35 kwa sekunde, haipandi. SSD hiyohiyo kwenye laptopu, kwa waya mwingine, inapita 400.

Nikamrudia muuzaji. "Bosi, hiyo bodi ni ya kuchezea, nunua kompyuta." Wataalamu wa mtandaoni nao wana wimbo wao: badilisha memori kadi, sakinisha mfumo upya. Kadi inaingiaje hapa wakati faili ziko kwenye SSD? Na hata zingekuwa kwenye kadi, tundu la kadi la Pi 4 mwisho wake ni kama megabaiti 50 kwa sekunde, kwa hiyo hiyo kadi yenu iliyoandikwa 170 ingeishia palepale.

Hakuna hata mmoja aliyeniomba matokeo ya lsusb -t. Amri moja tu ya Linux! Inakuchorea mti wa vifaa vya USB, na mwisho wa mstari wa diski unasoma kasi, 5000M (USB 3.0) au 480M. Wangu ulisoma 480M. Hiyo ni USB 2.0, megabiti 480 za kwenye karatasi, na kwa matumizi halisi zinabaki megabaiti 35 hadi 40. Ndiyo namba yangu hiyo. Tundu nililochomeka ni la bluu, umeme uko sawa (vcgencmd get_throttled inatoa 0x0), SSD nzima. Kilichobaki ni waya.

Nikawasha tochi nikachungulia ndani ya plagi. USB 3.0 ya kweli ina pini 4 bapa kama za zamani, halafu nyingine 5 ndogo zimejificha kule ndani nyuma yake. Yangu ina 4. Nyuma plastiki tupu, bluu safi inayong'aa. Yaani kuna mtu kiwandani alikaa akapiga hesabu akaona rangi ni nafuu kuliko shaba.

Nikaazima waya wenye pini zote 9: 5000M, na hdparm -t, amri ya kupima kasi ya kusoma diski, ikatoa zaidi ya megabaiti 300 kwa sekunde. Bodi ileile "ya kuchezea".

Kabla hamjaanza: ndiyo, najua ukichomeka plagi polepole zile pini 4 zinagusa kwanza na diski inaweza kushikwa kama USB 2.0 hata waya ukiwa mzima. Nimechomeka kwa nguvu, 480M. Na ndugu zangu wa "weka quirks kwenye cmdline.txt" (faili la mipangilio ya kuwashia Pi), hiyo ni dawa ya adapta zinazogombana na uas, dereva wa diski za USB, diski inaganda na dmesg (kumbukumbu za mfumo) inajaa makosa ya uas_eh_abort_handler. Kwangu dmesg haina hata mstari mmoja wa hivyo. Msigawe dawa kabla ya kupima.

Tena kuna wanaonitambia kwa dd, amri ya kunakili data, kwamba zao zinaandika megabaiti 900 kwenye Pi 4. Bila conv=fsync mnapima RAM, wakuu. Data haijafika hata kwenye diski mnashangilia.

Muuzaji amegoma kupokea waya. Hoja yake: "Si unaona taa ya kasha inawaka? Basi waya ni mzima." Nimemtumia picha ya pini, amesoma, kimya.

Mwenye waya aliyeupima mwenyewe kwa lsusb -t ukasoma 5000M aweke picha ya ndani ya plagi hapa chini. Picha za maboksi sitaki kuziona.