Naomba ushauri: kutoa kabureta na kuweka injeksheni kwenye motere ya boti, Goma

Wakubwa, salamu kutoka Goma. Boti yetu ya kisiwa cha Idjwi ina motere ya nguvu za farasi 40, mapigo manne, silinda tatu, ya kabureta. Ziwa Kivu liko karibu mita 1,460 juu ya usawa wa bahari. Hewa nyepesi, mafuta yanazidi, plagi zinatoka nyeusi tii. Jeti ndogo (vitundu vya kupitishia mafuta kwenye kabureta) zingesaidia, ila nataka kufunga mwenyewe injeksheni, yaani mafuta yanyunyiziwe kwa umeme, ikiongozwa na MegaSquirt, kompyuta ya injini ya kujifungia. Kinachoniumiza kichwa ni kihisi cha oksijeni, kile kinachopima moshi ili kompyuta ijue mafuta yamezidi au yamepungua: ekzosi ya motere hii inachanganyika na maji, na kihisi kikiwa cha moto, tone moja tu linaweza kukipasua. Nikifunge wapi? Na pampu ya mafuta ya shinikizo la baa 3, umeme wa motere utaitosha? Abiria wakiwa katikati ya ziwa, sitaki motere izime.