Trauti chini ya bwawa: maji nyuzi 7, mtambo ukizimwa hawagusi. Tatizo ni ubaridi au zana?

MkondoBaridi
Wakuu, salaam. Naomba mwongozo kwa wanaovua trauti chini ya ukuta wa bwawa. Maji yanatoka chini kabisa ya bwawa kupitia mtambo wa umeme. Kipimajoto kinasoma nyuzi 7 asubuhi na 9 mchana, hata jua likiwaka vipi. Maji ni maangavu, changarawe inaonekana kwenye kina cha mita moja na nusu. Mtambo ukiwashwa samaki wanagusa. Ukizimwa mto unashuka karibu nusu mita na hakuna kinachotikisika. Zana: nzi bandia wa kuzama namba 14, uzi wa mwisho milimita 0.20, chubwi mbili, boya juu. Nibadilishe nini? Na maji yakirudi, nitajuaje mapema?

Ndoana_Ndogo
Mkuu, ubaridi usiulaumu. Kwenye nyuzi 7 trauti anakula, ila chakula kinasagika polepole tumboni, kwa hiyo hafukuzi kitu mbali. Maji yakifika nyuzi 10 hadi 16 ndipo anachangamka. Chini ya hapo husubiri chakula kimfikie mdomoni, na ndoana ikipita nusu mita pembeni yake ni kama haikupita.

Mtambo ukizimwa, kinachokuponza ni zana nene. Maji yametulia na yako wazi, samaki ana muda wa kukagua. Shuka hadi namba 18 au 20 (namba ikiwa kubwa, ndoana ni ndogo), na uzi wa milimita 0.13. Geuza mawe machache uone kilichopo: chini ya mabwawa mengi utakuta viluwiluwi wadogo wa usubi, wembamba kama uzi, wekundu au weusi, na vijikamba vya rangi ya kijivu kwenye mwani. Namba 14 kando ya viumbe hao ni jitu.

Chubwi anza na moja ndogo, sentimita 20 hadi 25 juu ya nzi, ongeza kidogo kidogo. Kutoka boya hadi ndoana iwe mara moja na nusu ya kina. Ndoana ikigusa chini mara moja katika kila mipito minne au mitano, umepatia. Ikikwama kila mara, punguza.

Halafu tazama mapovu yanayoelea kando ya boya. Maji ya juu hukimbia kuliko ya chini, kwa hiyo boya lenye ndoana iliyofika chini huachwa nyuma kidogo na mapovu. Likienda nayo sambamba, ndoana inaning'inia katikati. Likiyapita, mshipi unalivuta: uinue uutupe upande wa juu wa mkondo kabla haujakaza.

Ukingo_wa_Mto
Naungana na Ndoana_Ndogo, nigusie mahali pa kutupa. Mto ukishuka, samaki hutoka kwenye kingo na kukusanyika kwenye mifereji ya kina na kwenye mpaka wa maji ya kasi na ya taratibu. Mtambo ukiwashwa ni kinyume: katikati panakuwa na nguvu mno, wanarudi pembeni, nyuma ya mawe na chini ya majani yaliyofunikwa na maji. Wengi hutupa katikati wakati samaki yuko hatua mbili kutoka kwenye buti zao.

Maji yakianza kupanda, muda mfupi wa mwanzo ni mzuri sana kwa sababu mkondo unang'oa wadudu na vijikamba. Baadaye mwani uliokatika hujaa majini na kila mtupo unatoka na majani kwenye ndoana. Mtiririko ukishatulia, uvuvi unarudi, mradi uongeze chubwi.

Sasa usalama, na hapa naomba usome mara mbili. King'ora husikika karibu na ukuta tu. Kilomita chache chini hukisikii. Ratiba ya kufungulia maji nayo hubadilika mahitaji ya umeme yakibadilika. Ukifika, chagua jiwe lililochomoza na ukumbuke mstari wa maji ulipo. Ukiona umepanda vidole viwili, toka hapo hapo, usimalizie mtupo. Dalili nyingine: vijiti na majani makavu vinaanza kuelea kwenye maji yaliyokuwa safi, na ile sauti ya maji kwenye mawe inafifia kwa sababu mawe yanafunikwa. Usivuke kwenda kisiwani mtambo ukiwa umezimwa. Suruali ya mpira funga mkanda kiunoni kwa nguvu; ukianguka kwenye nyuzi 7, mshtuko wa baridi unakata pumzi kabla hujaanza kuogelea.

Nyuzi_Saba
Kuna jambo mmeliruka: oksijeni. Maji baridi yana uwezo wa kubeba oksijeni nyingi, karibu miligramu 12 kwa lita kwenye nyuzi 7, lakini uwezo si sawa na kiasi kilichomo. Mwishoni mwa msimu wa joto, maji ya chini ya bwawa yamekaa miezi bila kukutana na hewa, na mabaki yanayooza yameila. Yakitoka na harufu ya mayai viza, na mawe karibu na ukuta yana utando mweusi, trauti hapo wamelemewa. Shuka chini hadi maji yapite kwenye mikondo ya mawe kadhaa, ndipo yanapopata hewa. Utakayemnasa mvute upesi, mwachie bila kumtoa majini.

MkondoBaridi
Shukrani wakuu. Kwa nyuzi hizo, saa ngapi ni bora?

Ndoana_Ndogo
Saa 5 asubuhi hadi saa 9 alasiri, mkuu, na ushuke kilomita kadhaa kutoka ukutani. Huko jua linapata nafasi ya kuongeza nyuzi mbili tatu, na hizo zinatosha kuwainua usubi hadi juu ya maji. Ukiona pua za samaki zinapasua uso wa maji taratibu bila kurusha matone, wanakula juu: toa chubwi zote.

Ukingo_wa_Mto
Na ukiona kipande cha changarawe kilichosafishwa, cheupe kuliko kinachokizunguka, kizunguke, usikikanyage. Mayai yamefukiwa humo.