Maumivu ya panya wa maabara yapangiwe daraja kabla ya utafiti au baada yake?

Mtoa hoja, Mwanza: Ndugu zangu, sisi wa kando ya Ziwa Victoria tunakijua kichocho, na sehemu ya elimu inayotusaidia kukitibu imepatikana kwa kuambukiza panya maabarani. Sipingi utafiti huo. Ninachopinga ni kuyapangia maumivu daraja kwa kuangalia tendo la siku ya kwanza peke yake. Kumwambukiza panya ni jambo jepesi: ngozi yake hugusishwa maji yenye vimelea, na anayejaza fomu anaweza kuandika kwa nia njema kwamba maumivu ni madogo. Lakini baada ya wiki sita hadi nane minyoo huwa imekomaa na kutaga, mayai hunasa kwenye ini, ini huvimba, na mnyama huyo huyo huanza kudhoofika huku fomu ikiendelea kusema kwamba aliumia kidogo.

Umoja wa Ulaya, kwa sheria yake ya mwaka 2010, unataka kiwango halisi cha mateso kiripotiwe baada ya kazi kwisha. Marekani wana daraja E, la wanyama walioumia bila kupewa dawa ya kutuliza, na mtafiti hulazimika kueleza sababu. Ila panya waliozalishwa kwa ajili ya utafiti hawamo katika sheria hiyo ya Marekani, jambo ambalo kwangu ni dosari kubwa.

Mchangiaji, Sengerema: Ndugu mtoa hoja, nimefanya kazi maabarani. Panya huficha maumivu kwa sababu ni mnyama anayewindwa, na baadhi ya dawa za kutuliza hupunguza uvimbe ule ule tunaouchunguza. Wahudumu wachache watayaandika hayo yote saa ngapi?

Mtoa hoja: Hoja ya dawa naikubali, na ndiyo maana daraja la wasiopewa dawa linahitajika: anayemnyima mnyama dawa aandike kwamba amemnyima na kwa nini. Kuhusu kuficha, mwaka 2010 watafiti wa Kanada walichapisha kipimo cha sura ya panya kinachoangalia macho yaliyofinywa, pua na mashavu yaliyotuna, na mkao wa masikio na sharubu. Mizani nayo ipo karibu kila maabara. Uzito uandikwe kila wiki, kiwango cha kukonda kinachotosha kusitisha jaribio kipangwe mapema, na kamati ya maadili isifunge jalada kabla ya kupokea daraja la mwisho la kila mnyama.