Bustani ya Moshi kabla ya mvua za vuli

Swali: Ndugu zangu, kiangazi kimeikausha bustani yangu hapa Moshi. Nipande nini ili nifurahie maua na ndege msimu unapobadilika?

Jibu la 1: Panda mshubiri, kwani huvumilia ukame, na ndege aitwaye chozi huja kuchovya mdomo wake uliopinda ndani ya maua yenye umbo la mrija ili anywe nekta. Usiumwagilie kupita kiasi, mizizi itaoza.

Jibu la 2: Naafiki. Mjakaranda nao huchanua mwezi wa Oktoba, kisha mkrismasi hufuata Desemba, ingawa yote miwili ni ya kigeni.

Jibu la 3: Usipulize dawa, tafadhali, mvua za kwanza zikinyesha kumbikumbi watatoka ardhini, na ndege watakusanyika wenyewe.