Kafi la kayaki nililolipima mwenyewe limekatikia ziwani. Nakosea wapi?

Fundi_Pasua (Moshi)
Wakuu, habari za jioni. Mimi ni seremala, karakana yangu iko Pasua. Kazi zangu ni vitanda, milango na makabati. Maji nayajua ya kuoga tu. Mwezi wa nne alikuja mteja mwenye kayaki zake chache, vile vimtumbwi vyembamba vya kupiga kafi, huwa anakwenda nazo Ziwa Duluti pale Tengeru na familia. Makafi ya plastiki yamemchosha, akaniuliza kama naweza kumchongea sita ya mbao. Nikasema naweza. Fundi gani anasema hawezi?

Nikaingia mtandaoni nikasoma. Nikapenda umbo la watu wa Greenland: kafi la pande mbili, bapa jembamba la sentimita 8 au 9, mbao tupu, hakuna chuma popote. Hata kipimo chao nimekipenda, pima moja ya mpigaji na dhiraa moja juu yake, yaani kama tunavyopima kamba ya ng'ombe.

Nikatumia saiprasi ya mbili kwa nne. Mpini nikautoa duara wa milimita 32. Jaribio langu lilikuwa hili: naweka tofali mbili, mita moja na sentimita ishirini kati yake, nalaza kafi juu, kijana wangu wa kazi anasimama katikati. Ana kilo 70. Likivunjika ni kuni, likipona linakwenda kwenye vanishi. Nilichonga tisa, matatu yakawa kuni. Sita nikayapeleka kifua mbele, nikamwambia mteja kila moja limeshabeba mtu mzima.

Wiki ya tatu simu ikaja. Moja limekatika katikati ya ziwa, kwenye mpini. Aliyelishika ni binti yake wa miaka 14, maji yametulia kama ya kwenye beseni, mtoto anapiga polepole. Karudi ufukweni na kipande.

Sasa mnisaidie. Mtu wa kilo 70 kalisimamia likanyamaza, mtoto kaligusa likakatika. Kipande ninacho hapa mezani. Hakuna jicho la mbao, hakuna uozo, hakuna mdudu. Mteja hajanidai hata senti, na hilo ndilo linaloniuma. Nipime vipi?

mtoto_wa_kiborloni
Mkuu nunua la plastiki uuze na faida yako. Mambo ya Greenland waachie wenye barafu.

Mzee_wa_Bwawa (Nyumba ya Mungu)
Fundi, kwanza hongera kwa kuliita kafi. Wengi humu wangesema kasia, na kasia ni lile linalofungwa ubavuni mwa chombo.

Mimi nimevua hapa bwawani tangu kijana, na sijawahi kumsimamisha mtu juu ya kafi. Sisi hatupimi likishaisha, tunapima gogo. Tunalipasua kwa shoka na kabari. Shoka linafuata nyuzi za mti, msumeno unafuata mstari wa chaki. Gogo likipasuka limejinyonga, hilo ni la kupikia ugali, hata kama kwa nje limenyooka kama mshumaa. Wewe umenunua mbao iliyokwisha kuchanwa, nyuzi zimepita wapi hujui. Dondosha tone la wino wa kalamu juu ya mbao iliyopigwa randa, usubiri. Wino utakimbia na nyuzi. Ukiona unatoka nje ya ukingo wa mpini, usihangaike na tofali.

Fundi_Pasua
Shikamoo mzee. Nimeufanya mtihani wa wino sasa hivi kwenye kile kipande. Wino umekwenda umenyooka, haukutoka pembeni. Kwa hiyo nyuzi ni nzuri, na bado lilikatika. Nimezidi kuchanganyikiwa.

Mwl_Mekanika (Arusha)
Marahaba ya mzee sitaidai, mimi bado kijana. Fundi, kabla sijasema lolote fanya hivi. Chukua kile kipande, kigeuze upande uliokuwa juu siku kijana aliposimama. Futa vanishi kwa msasa mwembamba, pitisha kitambaa chenye maji, halafu washa tochi ya simu uilaze ubavuni, mwanga upite sambamba na mbao. Tazama karibu na palipokatika. Unaona nini?

Fundi_Pasua
Aisee. Kuna mistari. Myembamba kama unywele, imekata mpini kwa upana. Ya kwanza iko kama kidole kimoja kutoka palipokatika, ya pili pembeni yake. Nilidhani ni alama za msasa, lakini nikipitisha kucha inakwama kidogo.

Mwl_Mekanika
Basi kafi lako halikuvunjwa na binti. Lilivunjwa karakanani, ziwani lilimalizikia tu.

Mbao ikipinda, upande mmoja unavutwa na mwingine unabanwa. Mbao safi isiyo na jicho ni hodari kuvutwa kuliko kubanwa, kwa hiyo upande unaobanwa ndio unaotangulia kushindwa, na unashindwa kimyakimya. Nyuzi zinajikunja kama mrija wa soda ukiukunja, na hiyo ndiyo mistari uliyoiona. Hakuna mlio wa maana, na mzigo ukiondoka mpini unanyooka karibu kama zamani. Kijana anashuka, wewe unasema limepona. Kumbe lina jeraha, na kila mara linapopinda jeraha linaongezeka.

Hesabu yake: kilo 70 katikati ya mita 1.2, mpini wa milimita 32, mkazo ndani ya mbao unafika kama megapaskali 64 (megapaskali ni kipimo cha mkazo). Saiprasi kavu huvunjika karibu na 70, yenye unyevu chini ya hapo. Ulikuwa unayapeleka yote mpaka mlangoni mwa kaburi, halafu unauza yaliyorudi.

Tumia maji. Lita moja ni kilo moja, mizani haina haja. Laza kafi kwenye stuli mbili kwa umbali uleule, funga kamba katikati, ning'iniza ndoo ya lita 20. Pima kwa rula mpini umeshuka milimita ngapi. Ongeza ndoo ya pili, subiri dakika kumi, pima tena. Toa zote uone kama umerudi pale pale. Ndoo mbili ni kama megapaskali 37, na hapo uishie. Kupiga tu hakufikishi mzigo huo. Kinachokaribia ni mtu kuegemea kafi anapopanda au kushuka.

Kwa saiprasi ya milimita 32 tegemea ndoo ya kwanza ishushe milimita 20 hivi. Likishuka 30, mbao ni dhaifu, mbichi, au randa imekula zaidi ya ulivyodhani. Na randa usiidharau: mpini wa 28 ukiufanya 32, nguvu inaongezeka kwa karibu nusu, maana unene unajizidisha mara tatu.

Nyuzi alizosema mzee pia ni za kweli. Zikikimbia pembeni sentimita moja kwa kila tano, nguvu inapungua karibu nusu. Bahati yako mbao yako haikuwa na kosa hilo, ingekuwa na makosa mawili.

Fundi_Pasua
Narudi na majibu, samahani nimechelewa, nilikuwa na milango ya watu.

Jumamosi nilipanda gari hadi Tengeru nikayachukua yale matano mwenyewe. Sikumwambia mteja yote, nilimwambia nakuja kukagua. Tochi ikaonyesha mistari kwenye mawili. Nikayakata katikati kwa msumeno hapo hapo asije mtu akayaokota. Matatu yaliyobaki sikuona kitu, lakini nami sina imani nayo tena, nimeyarudisha yote.

Nimechonga manne mapya na kuyapima kwa ndoo. La kwanza lilishuka 19, la pili 21, la tatu 20. La nne 33! Nikalipima kwa kalipa, 31 na nusu, kwa hiyo si randa. Nikakata kipande chake cha mwisho nikakipima kwenye mizani ya duka la jirani: gramu 412. Nikakianika juu ya bati, baada ya siku sita 371. Mbao niliyouziwa kavu ilikuwa bado inakunywa maji. Lile la nne nimelitundika darini, sijalitupa.

Yale matatu yalikaa na ndoo mbili dakika kumi, yakarudi yote. Kijana wangu alikuwa anatazama na mikono nyuma, anauliza sasa yeye kazi yake nini. Nimemwambia kuchota maji.

Mzee wa Bwawa, nimepata gogo la mgrevilea huku Kibosho, limenyooka, halina matawi futi nane nzima. Shoka langu ni la kuni tu. Kabari unachonga za mti gani?

Mzee_wa_Bwawa
Mgunga. Mkavu. Na uanzie kupasua upande wa kileleni, si wa shinani.