Nyie mafundi wa ruta mtaacha lini kutuambia "piga riseti"?

Wakuu salaam, leo mnisamehe sitaongea kwa upole.

Nipo Tanga, Makorora. Tuna kijiwe cha kuchapa barua na kuwajazia vijana fomu za vyuo, kwahiyo intaneti ikilala na sisi tumelala njaa. Tukanunua karuta kadogo kashawekwa OpenWrt, ile Linux ya kwenye ruta, tukakachomeka nyuma ya modemu ya mtandao. Taa zinawaka, kompyuta inapata aipi (ile namba ya adresi yake kwenye mtandao), ukurasa wa setingi unafunguka vizuri tu, intaneti hola! Kumpigia fundi aliyetuuzia, "piga riseti", yaani futa setingi zote irudi kama mpya. Tumepiga, wapi. "Piga tena, shikilia kitufe mpaka taa zicheze." Baada ya hapo hata waifai ikapotea, tukampelekea, akala elfu kumi ya kukagua halafu anatuambia imeungua tutafute hela ya nyingine!!

Imeungua nini bwana. OpenWrt ikirudi upya kwa kawaida waifai inakuwa imezimwa, unachomeka kebo kwenye porti ya LAN, ile ya upande wa kompyuta zenu, unafungua kwenye brauza 192.168.1.1, mtumiaji ni root na paswedi hamna, unaiwasha mwenyewe. Mtu anauza kitu hicho dukani kwake na hilo halijui?

Na tatizo lenyewe sasa, ndo linaloniuma, riseti hailigusi kabisa, tena ndo inalirudisha. Modemu yetu inatumia 192.168.1.1. OpenWrt nayo ikitoka upya ni 192.168.1.1. Sasa mtume mtoto Ngamiani, nyumba namba 5 barabara ya 8, wakati na wewe unakaa namba 5 barabara ya 8, ataenda wapi huyo mtoto? Ruta inaambiwa mlango wa kutokea nje ni 192.168.1.1, ikijitazama inaona mbona huyo ni mimi, basi hakuna kinachotoka. Ukiwa ndani ya ruta ukipiga ping (kugonga hodi kwa mashine nyingine uone kama inajibu) kwa 8.8.8.8, seva ya Google huko nje, kimya, na kila mtu anakuja na lake, kebo mbovu, sijui bando limeisha, sijui bahari inaleta kutu (kuna mtu kasema hivyo kweli).

Dawa ni kuhamisha moja. Kwenye ukurasa wa setingi wa ruta ingia Network, Interfaces, kwenye LAN bonyeza Edit, IPv4 address weka 192.168.2.1, Save halafu Save & Apply. Na hapa ndo wageni wengi wanakwama na hakuna fundi anayewaambia: ukishabonyeza, ukurasa unaganda kwasababu adresi imehama, na mfumo unakusubiri sekunde 90 tu, ukiona hujatokea unarudisha adresi ya zamani wenyewe. Mtu anabaki anasema "nimebadilisha inagoma". Haigomi, umechelewa. Chomoa kebo ya kompyuta, chomeka upya ichukue aipi mpya, kimbia ufungue 192.168.2.1. Kama imekupa kitufe cha Apply unchecked bonyeza hicho, haitakusubiri.

Ikishapita hapo, kama 8.8.8.8 inajibu lakini majina ya tovuti hayafunguki, hiyo ni DNS, ile inayogeuza jina la tovuti kuwa namba, habari nyingine, usiguse aipi tena.

Halafu kuna nyie wa magrupu ya WhatsApp, mnabandika mistari ya setingi mliyookota sijui wapi, ndefu kama nini, imejaa "option ifname". Hiyo ni ya zamani jamani! Kuanzia toleo la 21.02 la mwaka 2021 kwenye interface inaandikwa "option device", na bridge ya LAN, ile inayounganisha porti za LAN pamoja, ina sehemu yake peke yake. Mgeni anabandika hiyo takataka yenu anajifungia nje ya ruta, mnamjibu nini? Riseti!

Kwahiyo humu anayekuja kumsaidia mgeni amuulize kwanza modemu ya juu inatumia adresi gani na ruta inatumia ipi, halafu ping inajibu wapi na inakatikia wapi. Kama huna swali hata moja la kuuliza pita kimya kimya.

Na wewe fundi, najua humu unapitaga, ruta uliyoiua ipo mezani inapiga kazi. Elfu kumi yetu tunakuja kuichukua Jumamosi.